Aliwakatia mabaharia vijiji vyao, sasa anawarudishia

Saa mbili na robo asubuhi, Meindert Kistemaker anafungua kisanduku cha plastiki kilicho mezani kwake. Chini kuna sponji iliyolowa. Juu ya sponji kuna kitambaa cha nailoni, na juu ya kitambaa kimelala kitu kinachofanana na uzi mnene uliosokotwa. Hakigusi. Anakitazama, anakohoa kando, kisha anafunga kifuniko.

"Bado," anasema. "Kimejisokota miaka arobaini. Hakiwezi kunyooka kwa sababu mimi nina haraka. Haraka ndiyo iliyonifikisha hapa."

Huo si uzi. Ni kipande cha karatasi chenye urefu wa sentimita thelathini na moja na upana wa vidole viwili. Kikinyooka bila kuchanika, na wino ukiwa haujafutika, huenda kikaonyesha jina la kijiji. Jina hilo likipatikana, sentensi moja iliyomchafulia mtu marehemu jina kwa miaka arobaini itafutwa. Lisipopatikana, sentensi itabaki.

Kitabu kitapigwa picha Jumatatu. Leo ni Alhamisi.

Meindert ana miaka sitini na tatu. Ni fundi wa kujalidi na kukarabati vitabu katika nyumba ya nyaraka ya Medemblik, mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Uholanzi. Ana mkataba wa saa kumi na nane kwa wiki, nao unaisha mwisho wa mwezi. Unampa yuro 1,150 kwa mwezi baada ya kodi. Kila asubuhi ya kazi anatoka Wervershoof kwa baiskeli, upepo ukimpiga usoni, na anafika na mkate wake wa jibini mfukoni.

"Watu wananiuliza kama zinatosha," anasema. "Hazitoshi. Lakini kazi hii ningeifanya hata kama mimi ndiye ninayewalipa. Usimwambie Jikke."

Jikke Haanstra, bosi wake, yuko meza ya pili na amesikia kila kitu. Ana miaka thelathini na minne, na ndiye mkuu wa karakana. Anasema bila kuinua kichwa kwamba atalifikisha pendekezo hilo kwa mhasibu.

Kitabu chenyewe kiko kati yao, juu ya mito miwili. Ni daftari la safari ya meli iliyoitwa Mbayuwayu Mweupe, iliyong'oa nanga Desemba 1611 kwenda kutafuta pilipili manga upande wa mashariki, ikazunguka ncha ya kusini ya Afrika kwenda na kurudi, na kuingia nyumbani baada ya miezi thelathini na moja. Waliondoka watu themanini na wanne. Ishirini na sita hawakurudi.

Aliyeandika ni karani wa meli, Reyer Lambertsz. Kila siku aliandika upepo, kina cha maji, chakula kilichobaki na ugomvi uliotokea. Mtu akifa, aliandika habari yake katikati ya ukurasa kama habari nyingine. Kisha, kwenye pambizo, ukingoni kabisa, alichora msalaba mdogo na kuandika jina la marehemu na mahali alikotoka.

Kutaja mahali hakukuwa mapambo. Wakati huo watu wa kawaida huku hawakuwa na jina la ukoo. Mtu aliitwa Jan Jansz, yaani Jan mwana wa Jan, yakaisha. Katika meli ile walikufa akina Jan Jansz watatu: mmoja wa Medemblik, mmoja wa Wijdenes na mmoja wa Opperdoes. Ukiondoa kijiji, huna mtu. Una jina ambalo nusu ya wanaume wa pwani hii walikuwa nalo.

Meindert aliviondoa vijiji vyote.

Ilikuwa Februari 1985. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi katika karakana ya Olfert Groen mjini Enkhuizen. Daftari lilikuwa limeletwa kushonwa upya na kuwekewa jalada jipya. Siku hizo kazi kama hiyo ilimalizika kwa kuingiza kitabu kwenye mashine ya kukatia karatasi na kunyoosha kingo zake. Leo fundi akifanya hivyo kwa kitabu cha miaka mia nne anafukuzwa kazi. Wakati ule waliita usafi.

Hata hivyo mafundi wa zamani walikuwa na kanuni yao. Kabla ya kukata unafunua kitabu ukurasa kwa ukurasa, na kila penye maandishi yaliyofika ukingoni, unaikunja ile sehemu kwa ndani. Kisu kinapita, maandishi yanabaki, na ukurasa ule unakuwa na kisikio kinachojitokeza. Groen alimwambia Meindert afanye hivyo. Alimwambia mara mbili.

"Nilifunua kurasa thelathini," Meindert anasema. "Pambizo zote nyeupe. Hakuna hata nukta. Nikajiambia, huyu karani haandiki pembeni. Nikaacha kufunua."

Anafuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Kurasa thelathini za kwanza hakuna aliyekufa. Ndiyo maana zilikuwa nyeupe. Wa kwanza alikufa ukurasa wa thelathini na saba."

Kwa nini aliharakisha? Mtu yeyote aliyezaliwa huku anajua jibu akitajiwa mwezi na mwaka. Barafu. Maziwa na mifereji ilikuwa imeganda kabisa, redio haikuzungumza kingine, na mabosi walikuwa wanafunga ofisi mchana ili kila mtu aende kuteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye kisu cha chuma. Groen alisema kazi ikiisha watafunga saa sita. Saa tano na nusu Meindert aliteremsha kisu. Saa sita na robo alikuwa barafuni, anaelekea Hoorn na upepo mgongoni, na anakiri kwamba ilikuwa siku nzuri kuliko zote za ujana wake.

Jumatatu Groen alifungua kitabu. Alifunua kurasa kwa muda mrefu. Kisha aliuliza takataka za Ijumaa ziko wapi.

Zilikuwa kwenye gunia nyuma ya mlango, zimechanganyika na mabaki ya vitabu vingine viwili vilivyokatwa wiki hiyo. Groen alimkalisha Meindert sakafuni achague kila kipande cha karatasi ya zamani, kimoja kimoja, na kukilaza kwenye bati kubwa la biskuti. Vilikuwa zaidi ya mia sita. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Bosi hakumtukana. Siku ya pili alimletea supu ya dengu.

"Nikamwuliza, bosi, sasa itakuwaje? Akasema, sasa unakula supu."

Wenye kitabu, watu wa nyumba ya nyaraka, walipokuja, Groen alitoka peke yake kuwapokea. Meindert alisikia kutoka nyuma ya ubao wa ukuta. Walimwuliza nani alikata. Groen akajibu kwamba karakana ni yake, kisu ni chake, basi amekata yeye. Wakataka kujua kama kweli alikuwa ameshika kisu mwenyewe. Akarudia jibu lile lile, kwa sauti ile ile.

Hawakumletea kazi tena. Kwenye kadi ya kitabu waliandika sentensi ambayo hadi leo inasomwa na kila anayekiomba: "Kingo zimekatwa vibaya na O. Groen, 1985, vijiji vya marehemu 26 vimepotea."

Meindert aliendelea kufanya kazi kwa Groen miaka mingine kumi na mitatu, mpaka mzee alipofariki. Hawakulizungumza tena. Bati la biskuti alilikuta kwenye meza yake siku ya mazishi, na karatasi juu yake yenye jina lake.

Karakana ilifungwa. Vitabu vya kujalidi kwa mkono viliadimika. Meindert akaenda kufungasha vitunguu vya maua ya tulipu kwenye ghala la Andijk, na huko alikaa miaka kumi na sita, amesimama mbele ya mkanda unaotembea, anachagua vilivyooza. Mgongo uliharibika. Bati lilikaa juu ya kabati chumbani. Mkewe, Trijntje, aliwahi kuliuliza lina nini. Akamjibu kwamba lina watu ishirini na sita.

"Alidhani nimechanganyikiwa," anasema. "Kisha nikamweleza. Akasema, basi wapeleke kwao."

Ilimchukua miaka kadhaa zaidi kupata ujasiri. Alipofika hatimaye kwenye mapokezi ya nyumba ya nyaraka na bati chini ya kwapa, alikuwa amejiandaa kukaripiwa. Jikke aliyeitwa kumsikiliza anasema mgeni alikuwa mweupe kama ukuta, akalisukuma bati mbele na kusema, "Hivi ni vyenu. Nilivikata mimi."

Jikke alifungua, akachukua kipande kimoja kwa kibano, akakiinua kwenye mwanga. Swali lake la kwanza halikuwa kwa nini. Lilikuwa kama bado anakumbuka kupika gundi ya wanga wa ngano.

"Mungu ambariki yule binti," Meindert anasema, safari hii kwa sauti ya chini kweli. "Mimi nilikwenda kukiri kosa, nikarudi nyumbani na ajira."

Kazi ni ya polepole. Anaweka ukurasa juu ya meza yenye taa chini yake, kisha anapitisha vipande kimoja baada ya kingine. Karatasi za zamani zina mistari iliyoachwa na wavu wa kutengenezea, na hakuna wavu uliofanana na mwingine. Mstari wa ukurasa lazima uendelee ndani ya kipande. Doa la maji lazima liendelee. Tundu la mdudu lazima liendelee. Vikikubaliana, anaviunganisha kwa karatasi ya Kijapani nyembamba kiasi kwamba ukipumua inaruka. Vipande visivyo na maandishi vimewekwa kwenye bahasha. Vyenye maandishi ndivyo vyenye haraka.

Katika miezi kumi na mmoja amerudisha ishirini na tano. Jan Jansz wa Wijdenes amepata kwao. Dirck Sijmensz, aliyeanguka kutoka mlingotini, ni wa Hem. Mpishi ni wa Grootebroek. Kila kimoja kinapokauka, Meindert anasimama na kutamka jina zima kwa sauti, na Jikke, popote alipo, anajibu, "Karibu nyumbani." Hakuna anayekumbuka nani alianzisha.

Wa ishirini na sita ndiye aliyewashinda. Siku kumi na mbili baada ya kuipita Rasi ya Tumaini Jema wakirudi, mwandiko wa daftari unabadilika. Herufi zinakuwa kubwa na mbaya, kama za mtu aliyezoea kamba kuliko kalamu. Mwandishi huyu mpya hajali pambizo. Ni mara moja tu amechora msalaba, na kando yake ameandika: "Reyer Lambertsz, karani wetu, wa". Hapo ndipo kisu kilipopita.

Aliyeandika kwao kila mtu, kwao hakujulikani.

Meindert alipitia bati lote mara tatu. Jikke akalipitia mara ya nne. Kipande chake hakimo. Mkurugenzi wa nyumba ya nyaraka alikuwa ameahidi kwamba siku kazi itakapokamilika, sentensi ya kwenye kadi itaandikwa upya, kwa kuwa haitakuwa kweli tena. Lakini alisema ikikamilika, siyo ikikaribia. Vijiji ishirini na tano si ishirini na sita, na baada ya picha kitabu kitafungiwa kwenye sanduku na hakitaguswa tena kwa miaka mingi.

Kila Jumapili Meindert humtembelea Aafje, mjane wa Groen, kwenye makao ya wazee ya Andijk. Ana miaka tisini na mmoja, macho hafifu, na ulimi haujazeeka hata kidogo. Humwita Meindert "kijana" na humpa kahawa na biskuti moja. Akiomba ya pili humwuliza kama kwake hakuna duka.

Jumapili mbili zilizopita alimwomba amshushie kitabu chake cha nyimbo za kanisani kutoka kwenye rafu. Meindert akakishika juu ya mgongo, pale palipofumwa nyuzi ili kitabu kisichanike kikivutwa. Nyuzi za kijani na nyeupe. Akaujua mshono. Ulikuwa wake.

Akakaa kitandani kwa Aafje bila kuombwa. Kitabu hicho Groen alimjalidia mkewe kwa siku yake ya kuzaliwa, Machi 1985. Nyuzi alifuma Meindert, Jumamosi, siku moja baada ya barafu na siku mbili kabla kosa halijajulikana. Na ndani ya nyuzi hizo huwa kuna kiini, kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa mara kadhaa na kusokotwa. Wao waliokota kilichokuwa sakafuni. Karatasi ya zamani ndiyo iliyopendwa, kwa kuwa ilitengenezwa kwa matambara na haikatiki.

Hapo ilibidi amweleze yote, pamoja na lile ambalo hakuwahi kumwambia: kwamba siye Olfert aliyeshika kisu.

"Unadhani sijui?" Aafje akamwambia. "Alinisimulia siku ile ile, tukiwa mezani. Akasema, kijana amekata, na mimi ndiye niliyemharakisha. Nani alisema mtafunga saa sita? Viatu vyake vya barafu vilikuwa mlangoni tangu asubuhi. Amevinoa, amevipaka mafuta. Mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, alikuwa anachungulia dirishani kama mbwa anayetaka kutolewa nje."

 Kwa miaka arobaini Meindert alijua amefichiwa aibu. Hakujua kwamba Groen naye alikuwa na lake.

"Sasa unataka nini?" mama akauliza. "Sema, kahawa inapoa."

"Nataka kukichana kitabu chako, Mama Groen. Juu tu. Nitakishona tena."

"Na ukikuta hamna kitu?"

"Basi nitakuwa nimeharibu vitabu viwili."

Aafje alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Kisha akamsukumia kitabu. "Chana. Nyimbo ninazozipenda nazijua kwa kichwa. Zilizobaki sizitaki."

Ndiyo hicho kilichomo kisandukuni leo. Jikke ndiye aliyefumua nyuzi, jana mchana, kwa sababu Meindert hakujiamini na hakuona haya kusema hivyo. Karatasi ilitoka ikiwa imesokotwa kama kamba, rangi ya chai, na upande wa nje hauna herufi hata moja. Huenda ni ya daftari. Huenda ni ya moja ya vile vitabu vingine viwili.

Saa nne na dakika arobaini anafungua tena kifuniko. Unyevu umefanya kazi yake. Msokoto umelegea na ncha moja imeinuka kidogo.

"Ukikivuta, nakuvunja vidole," Jikke anasema.

"Sikivuti. Nakisubiri."

Wanakihamishia kwenye karatasi ya kunyonya, wakiwa wameshika kitambaa kila mmoja upande wake. Meindert anatumia kijiti cha mfupa kilichochongwa bapa, anakipitisha chini ya mkunjo, anainua, anangoja, anasogea nusu sentimita. Inachukua dakika hamsini.  Kahawa ya wote wawili imepoa na kutengeneza utando.

Robo tatu ya kipande ni tupu. Kisha inatokea herufi moja ya kahawia, kubwa na mbaya, imeandikwa na mtu aliyezoea kamba.

Meindert anaweka kijiti chini. Anaomba Jikke amalizie. Jikke anakataa na kumrudishia kijiti mkononi.

Inapofunguka yote, wanaisogeza kwenye meza ya taa, kando ya ukurasa. Mistari ya wavu inaendelea. Doa la maji linaendelea. Na maneno yaliyokatwa yanaendelea.

"Reyer Lambertsz," Meindert anasoma, amesimama, "karani wetu, wa Schellinkhout."

 Jikke amegeukia dirisha na anapangusa miwani. "Karibu nyumbani," anasema mwishowe.

Schellinkhout ni kijiji cha kanisa moja na barabara moja, nyuma ya tuta la bahari. Ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa baiskeli kutoka nyumbani kwa Meindert. Anasema amekipita mara mia na hajawahi kusimama. Jumamosi atasimama. Anataka kumwomba mchungaji wa pale asome jina la karani kanisani, mara moja tu, na baada ya hapo yeye mwenyewe avizungukie vijiji vingine vyote, na orodha mfukoni, kwa kadiri mgongo utakavyomruhusu. Mkataba ukiisha atakuwa na siku nyingi. Kabla ya yote hayo atakishona kitabu cha nyimbo, kwa sababu Aafje ameshapiga simu mara mbili kuuliza kiko wapi.

Imebaki kadi. Jikke anaileta pamoja na fomu. Sheria ya faragha hairuhusu kuandika jina la mtu aliye hai kwenye kumbukumbu bila idhini yake ya maandishi, hivyo anamweleza Meindert kwamba kosa linaweza kutajwa bila jina. Watasema tu "fundi". Hakuna atakayejua.

"Alikwishafanya hivyo mwingine kwa ajili yangu," Meindert anasema. "Lete hiyo fomu."

Anaweka saini. Kisha, kwa kuwa Jikke amempa kalamu na kumwambia aandike mwenyewe kwa maneno yake, anakaa na kuandika polepole, akiacha nafasi ya kutosha ukingoni:

"Kingo zilikatwa na M. Kistemaker, Februari 1985. Vipande viliokolewa na O. Groen. Hakuna kijiji kilichopotea."